Barua ya wazi kuhusu mita janja: semeni kwanza nani atasoma na nani atazima

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nishati na Maendeleo ya Madini,
kwa Mtendaji Mkuu wa Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA,
kwa Mkurugenzi Mkuu wa kampuni ya usambazaji umeme, UEDCL,
na kwa Mkurugenzi wa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Walukuba, Jinja, hapa Uganda. Mimi ni fundi umeme. Nimetandaza nyaya kwenye nyumba nyingi za mtaa huu na za mitaa ya jirani, na kazi yangu huanzia kwenye mita na kuishia kwenye mita. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ni lugha rasmi ya pili ya nchi yetu tangu Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, na kwa kuwa hapa kwetu, mtaa wa wafanyakazi waliokuja viwandani kutoka kila upande wa nchi, ndiyo lugha inayotukutanisha. Majirani walioniomba niandike barua hii wanataka kuisoma wenyewe.

Tunasikia mita janja, yaani mita za umeme zinazosomwa na kuzimwa kutoka mbali, zinakuja. Viwanda vikubwa vimeshazoea mita zinazosomwa kutoka mbali. Sasa mazungumzo yamefika kwenye nyumba za kawaida, na tangu UEDCL ilipopokea usambazaji kutoka kampuni iliyoitwa Umeme mwanzoni mwa Aprili 2025, wateja wananiuliza Yaka zao, yaani mita za kulipia kabla, zitabadilishwa lini, na kwa mita gani. Ombi langu kwenu ni moja. Kabla mita ya namna hiyo haijafungwa kwenye nyumba ya mtu, kanuni ziandikwe na zitangazwe wazi zikisema mita itasoma nini, kila baada ya muda gani, nani ataona, na nani ana mamlaka ya kuzima umeme wa nyumba hiyo akiwa mbali.

Sipingi mita janja. Fundi yeyote aliyewahi kukaa na wateja gizani wakingoja transfoma iliyoungua ibadilishwe anajua faida yake. Mita inayojieleza ingeijulisha kampuni kwamba mtaa mzima umezimika saa mbili usiku bila mtu yeyote kupiga simu. Ingeonyesha laini ipi imezidiwa kabla haijaleta madhara. Ingeonyesha pia umeme unaibiwa wapi, na hilo linatuhusu sana sisi tunaonunua tokeni kihalali, kwa sababu sehemu ya upotevu huingizwa kwenye bei tunayolipa. Hayo yote nayataka.

Lakini Yaka tuliyoizoea tangu 2011 ni mita isiyosema. Unanunua kwa simu, unapata tokeni ya tarakimu 20, unazibonyeza, inakubali. Kampuni inajua umenunua lini na kwa shilingi ngapi, basi. Haijui umeme huo umeutumia saa ngapi. Mita janja inatuma taarifa ofisini kupitia mtandao wa simu au kupitia nyaya zenyewe, kila baada ya dakika 15 au 30 ikipangwa hivyo, na inapokea amri kutoka ofisini, ikiwemo amri ya kukata. Inasema na inasikia. Hatari ninazotaka mzitazame zinatoka kwenye mambo hayo mawili.

Nianze na kusema kwake. Watu wengi wakisikia taarifa za matumizi ya umeme wanadhani ni namba za bili tu. Chukueni nyumba moja ya kawaida mtazame namba zake za nusu saa kwa wiki moja. Saa kumi na moja na nusu alfajiri matumizi yanapanda ghafla: birika la umeme, wati 2,000 hivi, kwa dakika chache. Ikifuata pasi, wati 1,000 na ushee, mnajua kuna nguo za kazi na sare za shule. Saa moja na nusu asubuhi namba zinashuka hadi kubaki friji peke yake, ikiwaka na kutulia kwa mwendo wake uleule mpaka jioni. Hapo nyumba haina mtu. Saa nne usiku taa na televisheni zinazimika, watu wamelala. Wiki ya pili, friji peke yake mchana na usiku: wamesafiri. Mwizi akipata ratiba ya namna hiyo hahitaji kumtuma mtoto aje kuchungulia.

Mwezi wa Ramadhani ukiingia, nyumba za Waislamu zinajitokeza zenyewe kwenye namba hizo. Taa na jiko saa kumi alfajiri kwa ajili ya daku, jiko kimya mchana kutwa, halafu matumizi yanapanda kwa nguvu inapokaribia saa moja jioni. Hakuna aliyemwuliza mtu dini yake, na tayari imeandikwa. Mgonjwa anayepumua kwa mashine ya oksijeni nyumbani anaonekana pia, kwa sababu mzigo wake haushuki usiku kucha. Mama ambaye umeme ulimwishia Jumanne akakaa gizani mpaka Ijumaa anaonekana. Nyumba iliyowasha taa zote mpaka usiku wa manane wakati wa kampeni, na wageni ndani, inaonekana. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaziwekea ulinzi wa pekee taarifa za imani ya dini, maoni ya kisiasa, afya na hali ya kifedha ya mtu. Mita inaweza kuzikusanya zote bila kutaja neno hata moja kati ya hayo, na ndiyo maana nasema hili si suala la bili.

Haya yamethibitishwa zamani na wataalamu. George Hart, akiwa chuo cha MIT kule Marekani miaka ya 1980, alibuni njia ya kutambua kifaa kimoja kimoja ndani ya nyumba kwa kupima tu umeme unaoingia. Mwaka 1989 yeye mwenyewe aliandika kuonya kwamba njia yake inaweza kugeuzwa kuwa ya kuwapeleleza watu. Mwaka 2011 watafiti wa mji wa Münster, Ujerumani, walichukua mita iliyotuma taarifa kila baada ya sekunde 2, na kwa kufuatilia jinsi televisheni inavyokula umeme picha inapong'aa na kufifia, wakaweza kutambua filamu iliyokuwa ikitazamwa. Na mwaka 2018, kwenye kesi ya mji wa Naperville, mahakama ya rufani ya Marekani ilisema kwamba kukusanya matumizi ya nyumba kila dakika 15 ni upekuzi kwa maana ya Katiba yao. Mji uliruhusiwa kuendelea kwa sababu haukuwa ukikusanya taarifa hizo kwa ajili ya kuwashtaki watu, lakini majaji walionya kwamba uamuzi ungeweza kuwa mwingine kama mita zingesomwa kwa vipindi vifupi zaidi, au kama polisi wangezipata taarifa hizo kwa urahisi. Katiba ya Uganda, ibara ya 27, inakataza kuingilia faragha ya mtu, ya nyumba yake, ya mawasiliano yake na ya mali yake. Sidhani kwamba nyumba ya Naperville inastahili heshima kuliko nyumba ya Walukuba.

Sasa naomba ERA wanisikilize hapa, kwa kuwa hili ni la kwao. Mita ya nyumbani isomwe kila nusu saa kwa kazi gani? Bei ya umeme wa nyumbani katika nchi hii haiangalii saa. Uniti 15 za kwanza za mwezi tunalipa shilingi 250 kila moja, kisha inakuja bei ya kawaida hadi uniti 80, kuanzia 81 hadi 150 kuna bei nafuu ya kupikia, na ukizidisha hapo unarudi kwenye bei ya kawaida. Hesabu yote ni ya mwezi mzima. Bei inayotofautiana mchana, jioni na usiku ni ya biashara na viwanda. Ili kumtoza mtu wa nyumbani haki yenu, mnahitaji jumla moja kwa mwezi.

Mtaniambia ni kwa ajili ya wezi. Kazi hiyo naijua. Fungeni mita kwenye transfoma, kisha linganisheni kilichotoka hapo na jumla ya mita zote zilizo chini yake kwa siku hiyo. Tofauti ikiwa kubwa, tumeni watu wakague laini ile. Kwa hilo inatosha jumla ya siku ya kila nyumba. Mtaniambia ni kwa ajili ya laini zilizozidiwa. Mita ya transfoma itawaambia hilo hata kila dakika mkitaka, bila kugusa maisha ya mtu, kwa kuwa inapima mtaa kwa pamoja. Na ikiwa siku moja mtaleta bei ya usiku kwa nyumba za kawaida, mita yenyewe inaweza kujumlisha uniti za mchana na za usiku ndani yake na kutuma namba mbili tu mwisho wa mwezi.

Uholanzi walijifunza hili kwa kuchelewa miaka miwili. Mwaka 2009 baraza la juu la bunge lao lilikataa muswada wa kulazimisha mita janja kwa sababu ya faragha. Mpango ulirudi mwaka 2011 ukiwa umebadilishwa: mwenye nyumba alipewa haki ya kukataa, na mita zikawa za kusomwa mara chache kwa mwaka isipokuwa mwenyewe aridhie zaidi. Sisi hatuna haja ya kukwama kwanza ndipo tujirekebishe. Wekeni kwenye kanuni kwamba namba za nusu saa zinabaki ndani ya mita na mwenye nyumba anaziona kwenye kibodi chake, kwamba kampuni inapokea jumla ya siku kwa kazi ya upotevu na kuifuta baada ya muda uliotajwa, na kwamba zaidi ya hapo ni kwa ridhaa. Polisi au ofisi nyingine ikitaka kitu, ije na amri ya mahakama, na idadi ya amri hizo itangazwe kila mwaka.

Nimetaja ridhaa, na hapa kuna jambo ambalo ofisini linaweza kupita bila kuonekana. Huku kwetu watu wengi ni wapangaji. Mita ina jina la mwenye nyumba, ambaye pengine anaishi Kampala au alishafariki na watoto wake bado hawajabadilisha jina. Anayeishi chini ya mita hiyo ni mwingine kabisa. Mkimwomba mwenye akaunti ridhaa, mtakuwa mmemwomba mtu ambaye si yeye anayesomwa. Kibaya zaidi, mwenye nyumba atakayepewa nafasi ya kuangalia matumizi ya mita zake kwenye simu atajua mpangaji wake analala wapi na anarudi saa ngapi. Nawafahamu wanawake ambao hilo peke yake lingewahamisha. Ridhaa iwe ya anayeishi ndani, na mwenye nyumba aone salio na jumla tu.

Na msidhani kwamba taarifa tulizonazo sasa zimehifadhiwa vizuri. Nendeni kwenye nguzo yoyote yenye mita za wapangaji. Mita zimepangwa juu kwenye kasha, na namba zake zinasomeka kwa macho ukisimama chini. Hivi karibuni mteja mmoja wa vyumba vya nyuma aliniomba nimnunulie umeme kwa simu yangu kwa kuwa yake ilikuwa imezima. Niliandika namba ya mita, na kabla sijathibitisha malipo jina kamili la mwenye akaunti likatokea kwenye kioo changu. Mteja alikuwa amesimama nami, hakuna ubaya. Lakini mpita njia yeyote angeweza kufanya vilevile, akajua nyumba ile ni ya nani, bila kulipa hata shilingi. Naelewa kwa nini jina linaonyeshwa: mtu asije akalipia mita ya jirani kwa kukosea tarakimu. Herufi mbili za mwanzo za kila jina zingetosha kwa kazi hiyo. Hili halihitaji mita mpya wala mkopo kutoka nje, na mnaweza kuwaagiza wauzaji wa tokeni walirekebishe hata mwezi huu.

Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, nyinyi nina swali lenu. Kanuni za mwaka 2021 zinataka tathmini ya athari ifanywe pale ambapo ukusanyaji wa data una hatari kubwa kwa haki za watu. Mpango wa kupima maisha ya kila nyumba yenye umeme nchini una hatari kubwa kuliko mingi iliyowahi kuletwa kwenu. Iandaliwe tathmini hiyo, na ichapishwe yote. Kampuni ya Umeme ilipoondoka ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 2, na taarifa zao zilipaswa kuhama mikono: majina, namba za simu, mahali wanapoishi, kumbukumbu za ununuzi. Tungependa kusikia kutoka kwenu kwamba mlikagua uhamisho huo na kwamba hakuna nakala iliyobaki mahali pasipotakiwa. Tungependa pia kujua seva za mita janja zitakaa nchi gani, na mkandarasi atakayezisimamia atabanwa na sheria ipi. Mwezi Julai 2025 mliiambia Google, kampuni kubwa kiasi kile, kwamba imekiuka sheria yetu na lazima ijisajili. Basi nguvu hiyo ielekezwe pia kwa anayefunga kifaa ukutani mwetu. Sheria inaruhusu mahakama kuitoza kampuni mpaka asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka.

Sasa kusikia kwake, yaani ile swichi. Hili ndilo linaloninyima usingizi zaidi, na linahusu usalama wa nchi pamoja na wa nyumba.

Leo mtu akitaka kuzima umeme wa nyumba mia tano alizozichagua moja moja lazima afike kwenye laini. Mita janja zikishafungwa, amri moja kutoka kwenye kompyuta moja inaweza kuzizima zote kwa mara moja. Marehemu Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ambaye aliwahi kufanya kazi kwenye usalama wa mita za kulipia kabla kule Afrika Kusini miaka ya 1990, alitahadharisha mwaka 2010 kwamba swichi hizi za mbali, zikiwa kwa mamilioni, zinampa adui silaha ambayo hakuwa nayo. Miaka mitano baadaye, tarehe 23 Desemba 2015, wadukuzi waliingia kwenye kompyuta za kampuni tatu za usambazaji nchini Ukraine wakafungua swichi za vituo vya umeme, na wateja wapatao 225,000 wakakaa gizani kwa saa kadhaa. Walirudishiwa umeme kwa sababu mafundi waliweza kwenda vituoni kufunga swichi kwa mikono. Vituo vinahesabika, unaweza kuvizungukia kwa gari. Mita za nyumba kwa nyumba huwezi kuzizungukia kwa siku moja, wala kwa mwezi.

Karibu nasi zaidi, Julai 2019 kampuni ya umeme ya jiji la Johannesburg ilivamiwa na programu ya kudai fidia, na wateja wa kulipia kabla wakashindwa kununua umeme katikati ya baridi. Na hapa nyumbani, Oktoba 2020 wadukuzi walipenya mfumo unaounganisha mabenki na pesa za simu, na Novemba 2024 serikali ilithibitisha Bungeni kwamba akaunti za Benki Kuu ziliingiliwa. Kama Benki Kuu imeguswa, hatuwezi kudhani kwamba ofisi ya mita haitaguswa.

Kwa hiyo ninaomba swichi hii ifungwe kwa masharti kabla haijafungwa ukutani. Amri ya kukata isikubaliwe na mita bila saini za watu wawili walio ofisi mbili tofauti. Mfumo usiweze kukata zaidi ya idadi ndogo ya nyumba kwa saa moja, na kikomo hicho kiwe ndani ya mita na kwenye vifaa vya kati, mahali ambapo mtu mmoja mwenye neno la siri hawezi kukiondoa. Amri ya kukata ichelewe kwa saa kadhaa huku mwenye nyumba akiwa ameshatumiwa ujumbe, ili kosa ligundulike mapema. Zahanati, nyumba zenye wagonjwa wanaotegemea mashine na pampu za maji za mtaa ziwe na mita zisizo na swichi ya mbali kabisa. Na mita ikikosa mawasiliano na ofisi, iendelee kutoa umeme. Hilo la mwisho ni la lazima katika nchi yetu. Siku ya uchaguzi, tarehe 18 Februari 2016, pesa za simu zilifungwa nchi nzima. Januari 2021 intaneti ilizimwa siku kadhaa. Mita inayosubiri ruhusa ya mtandao ingewaacha watu gizani kwa sababu ya jambo ambalo halihusiani na umeme wala na deni lao.

Kuna suala la funguo za siri. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Kihispania walionyesha kwamba mita janja zilizokuwa zimefungwa kwa mamilioni nchini mwao zilikuwa na udhaifu kwenye funguo zake, kiasi kwamba aliyezielewa angeweza kuchezea bili au kuzima umeme. Kila mita iwe na ufunguo wake peke yake, ili aliyevunja moja awe amevunja moja tu. Maabara huru ijaribu mita hizo kabla zabuni haijatiwa saini, na muhtasari wa majaribio utolewe kwa wananchi.

Halafu wa ndani. Mwaka 2009 kampuni moja ya umeme ya Puerto Rico iliita FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, baada ya kuona mapato yanapungua. Ikabainika kwamba watu waliowahi kufanya kazi kwa mtengenezaji wa mita, pamoja na waajiriwa wa kampuni yenyewe, walikuwa wakilipwa kubadilisha usomaji wa mita kwa kompyuta ya mkononi na kifaa kidogo cha kuunganisha. Hapa kwetu tunawajua makamyufu, wale wanaounganishia watu umeme wa wizi. Leo wanapanda nguzo, na tunawaona. Wa kesho atakaa ndani ya gari na kompyuta yake, na nyuma yake kutakuwa na mtu wa ofisini aliyempa nywila. Kila anayefungua kumbukumbu za mita ya mtu aache alama yenye jina lake na saa, na mwenye nyumba aweze kuiomba orodha hiyo.

Tujiandae pia kwa umri wa vifaa hivi. Mnakumbuka mwaka 2024, pale mita zote za tokeni zilipohitaji kuwekewa namba za kurekebisha kabla ya tarehe 24 Novemba, la sivyo zingekataa tokeni mpya. Namba zenyewe zilikuwa mbili, kila moja tarakimu 20. Wazee wa mtaa huu waliniita mmoja baada ya mwingine. Kuna bibi ambaye kibodi chake kilikuwa kimefutika tarakimu tatu kwa uzee, tukabonyeza kwa kukisia nafasi ya vidole mpaka ikakubali. Hiyo ilikuwa mita isiyounganishwa na chochote, na bado mabadiliko moja yaliifikia kila nyumba ya nchi. Mita janja inayofungwa sasa itakuwa ukutani hata mwaka 2040, na programu ya ndani yake itahitaji kurekebishwa mara nyingi kila udhaifu unapogunduliwa. Mkataba useme nani atafanya hivyo, kwa miaka mingapi, kwa gharama ya nani, na itakuwaje mtengenezaji akifunga ofisi zake.

La mwisho ni sisi mafundi. Tunaoshika vifaa hivi kila siku ndio tutakaoona kasoro kwanza. Lakini Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta inamwona mtu aliyeingia kwenye mfumo bila idhini kuwa mhalifu, na haimtofautishi sana aliyekwenda kuiba na aliyekwenda kuonyesha tundu. Kijana wa chuo kikuu cha Makerere au cha Kyambogo akigundua kwamba mita inakubali amri isiyostahili, atanyamaza kwa kuogopa jela, na tundu litabaki wazi kwa asiyeogopa. ERA na UEDCL watangaze kwa maandishi anwani moja ya kupokea taarifa kama hizo, pamoja na ahadi kwamba anayetoa taarifa kwa nia njema, bila kuiba na bila kudhuru mtu, hatashtakiwa.

Pamoja na barua hii nimewapelekea ombi rasmi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005, ambayo inawapa siku 21 za kujibu. Nimeomba nyaraka nne: maelezo ya kiufundi ya mita janja za nyumbani mnazokusudia kununua, tathmini ya athari kwa faragha kama ipo, kanuni za nani anaruhusiwa kutoa amri ya kukata kutoka mbali, na sehemu ya mkataba inayohusu mahali taarifa zitakapohifadhiwa. Mkitaka kuja kuyazungumza na watu, mwenyekiti wetu wa LC1, baraza la mtaa, yuko tayari kuitisha mkutano siku yoyote ya Jumapili alasiri, nami nitaleta mita ya zamani niliyoifungua, ili atakayekuja na mita janja aifungue yake pia mbele ya watu na kuonyesha kila sehemu inafanya kazi gani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Fundi umeme, Walukuba, Jinja